Ute wa Utumbo Si Uchafu

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka mkoani Kigoma, na karibu zote zinagusa jambo moja: utumbo unajilinda vipi, na je, sisi wenyewe tunausaidia au tunauvurugia kazi? Nimechagua tano. Nimezifupisha kidogo, lakini hoja za waandishi nimeziacha kama zilivyo.

SWALI: Mheshimiwa Tabibu, mimi ni mvuvi mstaafu wa Ujiji, nina umri wa miaka 61. Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa stendi akiuza unga wa kusafisha utumbo. Alituonyesha kwenye simu picha ya kitu kirefu, cheusi, chenye utelezi, akasema huo ni uchafu ulioganda matumboni mwetu tangu utotoni. Niliununua kwa shilingi 30,000, nikanywa siku tatu. Niliharisha sana, na kweli siku ya pili nilitoa ute mwingi. Je, ndiyo kusema nimesafishika? Na ninywe tena baada ya miezi mitatu kama alivyoagiza?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naanza na jibu fupi, usije ukafika stendi kabla hujafika mwisho wa maelezo yangu: usinywe tena. Ulichokitoa siku ile ya pili hakikuwa uchafu. Ilikuwa ngao yako, nawe umelipa shilingi 30,000 ili ivuliwe.

Ukitaka kuiona ngao hiyo kwa macho, simama karibu na wanaoandaa supu asubuhi mbuzi anapochinjwa. Utumbo mwembamba hugeuzwa ndani nje kwa kijiti, kisha hukwanguliwa kwa kisu kilicholazwa ubapa, na utelezi hutoka vipande vipande ukining'inia vidoleni kama mlenda. Mbuzi huyo maisha yake yote amekula majani. Hakuwahi kuonja chipsi wala soda, na hakuna aliyemwambia kwamba ana uchafu wa utotoni, lakini ute anao tele. Mpishi hakosei kuukwangua, kwa sababu mbuzi hauhitaji tena. Wewe bado unauhitaji.

Sababu yake ni kwamba ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu ya seli yenye unene wa seli moja tu. Ngozi ya kiganja chako, iliyovuta nyavu kwa miaka yote hiyo, ina tabaka nyingi za seli zilizokufa zilizolala juu ya zilizo hai. Utumbo hauwezi kujifunika namna hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kupitisha chakula kilichosagika kiingie katika damu, na ngozi ya mkono wa mvuvi haipitishi kitu. Safu hiyo nyembamba imekunjamana na kuota vinyweleo visivyozidi milimita moja kwa urefu, hivyo kwamba ingetandazwa ingefunika eneo la mita za mraba zipatazo 30, kwa makadirio ya watafiti wa Sweden yaliyotolewa mwaka 2014. (Sisi tulifundishwa kwamba ingejaza uwanja wa tenisi, vitabu vyetu vilizidisha chumvi.) Upande mmoja wa safu hiyo iko damu yako, na upande wa pili, hasa katika utumbo mpana, wako bakteria wanaofikia bilioni 100 katika gramu moja tu ya kinyesi.

Kinachowatenganisha wawili hao ni ute. Unatengenezwa na seli zenye umbo la kikombe zilizotawanyika katikati ya seli nyingine, nazo humwaga protini zilizovikwa sukari ambazo zikikutana na maji huvimba na kuwa kitu cha kunatanata. Katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili. La nje limelegea, na bakteria huishi humo kwa raha zao. La ndani limeshonana kiasi kwamba bakteria karibu hawaonekani kabisa, jambo ambalo watafiti wa Gothenburg, Sweden, walilionyesha mwaka 2008 kwa kuchunguza matumbo ya panya. Panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza protini kuu ya ute huo hushikwa na uvimbe wa utumbo mpana, na baadhi yao hatimaye hupata saratani. Hilo peke yake linatosha kutuonyesha thamani ya kitu tunachoambiwa tukikamue.

Utumbo mwembamba una tabaka moja tu la ute, tena lililolegea, kwa sababu chakula lazima kipite. Basi huko ulinzi umeongezwa kwa namna nyingine. Chini kabisa, katika vishimo vilivyo kati ya vinyweleo, zimekaa seli zilizoelezwa mwaka 1888 na Joseph Paneth wa Austria, ambazo hutoa dawa za asili za kutoboa bakteria. Mojawapo ya dawa hizo ni kimeng'enya kilekile ambacho Alexander Fleming alikigundua mwaka 1922 katika kamasi, na ambacho kimo pia katika machozi yako. Juu ya yote hayo humwagwa kingamwili iitwayo IgA, ambayo mwili huitengeneza kwa wingi kuliko kingamwili nyingine zote zikijumlishwa pamoja. Nitairudia katika jibu la mwanafunzi hapa chini.

Sasa turudi kwa kijana wa stendi. Katika vishimo hivyohivyo kuna seli mama zinazozaliana usiku na mchana; watoto wao hupanda taratibu kuelekea nchani mwa kinyweleo, na wakifika huko hubanduka na kutoka na choo. Safari hiyo huchukua siku 3 hadi 5. Niambie basi, mzee wangu, uchafu wa tangu utotoni umeshikilia wapi, ikiwa ukuta wenyewe haumalizi hata wiki mbili kabla ya kubadilishwa? Baadhi ya unga wa namna hiyo huwa na gundi za mimea zinazovimba tumboni na kutoka zikiwa zimejiviringa kama kamba, kisha muuzaji humwonyesha mteja unga wake mwenyewe na kumwambia huo ni uchafu. Ute uliouona unaweza pia kutokana na utumbo wenyewe, kwa maana seli zile za vikombe zikichokozwa na dawa ya kuharisha humwaga akiba yao yote kwa mkupuo ili kumsukuma nje mchokozi. Ulikuwa ni utetezi wa mwili dhidi ya unga, na kwa bahati mwili ulishinda.

Katika umri wako kuharisha kwa siku tatu hupunguza maji na madini ya damu kiasi cha kuuyumbisha moyo, na kama unatumia dawa za shinikizo la damu hatari ni kubwa zaidi. Jambo moja la mwisho: ikiwa ute utaendelea kutoka bila wewe kunywa kitu chochote, au ukiwa na damu, au choo kikabadilika kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya mkoa ukachunguzwe utumbo mpana. Usingoje.

SWALI: Shikamoo Tabibu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Kigoma Mjini, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Tumefundishwa kwamba kinga ya mwili hushambulia kila kitu kigeni. Ugali wa muhogo na migebuka ninayokula si sehemu ya mwili wangu, na bakteria wa tumboni pia si sehemu ya mwili wangu. Mbona havishambuliwi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limewasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na maneno uliyofundishwa si ya uongo bali ni nusu ya habari. Kinga haiulizi tu kama kitu ni kigeni. Inauliza pia kimefika kwa njia gani, na kimekuja na fujo au kimekuja kwa utulivu.

Mwaka 1677 Johann Conrad Peyer wa Uswisi alieleza mabaka madogo yaliyoinuka katika ukuta wa utumbo mwembamba, mengi yakiwa karibu na mwisho wake. Leo tunajua kwamba mabaka hayo ni vituo vya ukaguzi. Umewahi kumwona mkaguzi wa nafaka kwenye ghala? Hafungui kila gunia. Huchoma bambo, huvuta punje chache, huziangalia kiganjani. Juu ya mabaka ya Peyer zimo seli maalumu zisizo na ute mwingi, zinazofanya kazi ya bambo: huchota vipande vya chakula na bakteria kutoka ndani ya utumbo na kuvikabidhi kwa seli zenye matawi zinazosubiri chini yake. Hizo huvipeleka kwa seli nyeupe za aina ya T na B, zikiwemo zilizo katika tezi za limfu za tumboni, na huko ndiko uamuzi unakofanyika.

Uamuzi mara nyingi ni kuacha. Seli zenye matawi zikileta kipande cha samaki bila dalili za uharibifu wowote, huzaa seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasipigane. Seli hizi ndizo zilizowapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Sakaguchi alizionyesha mwaka 1995, wakati ambapo wenzake wengi hawakutaka hata kulisikia wazo hilo. Bakteria wa utumbo mpana nao huchangia utulivu huo. Wakichachusha nyuzinyuzi za maharage, matembele au dona, hutoa asidi nyepesi ambazo seli za ukuta huzitumia kama chakula chao na ambazo huongeza idadi ya seli za kutuliza. Mlinzi analishwa na wale anaowazuia wasiingie; binafsi sijaona mpango wa ujirani uliobuniwa kwa akili kuliko huo.

Ama IgA niliyoitaja juu, ukiisoma kitabuni usiidhanie kuwa mkuki. Haina tabia ya kuwasha uvimbe kama kingamwili za damu. Huvuka safu ya seli, huingia katika ute, huwakamata bakteria na sumu zao na kuwafungamanisha, wakashindwa kujibandika ukutani, kisha wakatoka na choo wakiwa hai au wamekufa. Hufanya hivyo hata kwa bakteria wasio na ubaya, ili wakae mahali pao.

Mpango huu una mwanya, na wewe unayesoma biolojia unapaswa kuujua. Bakteria wa homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi, hupenda kuingia kupitia bambo lenyewe. Hukubali kuchotwa, kisha hugoma kufa ndani ya seli zilizowameza, wakazaliana humo na kusambaa mwilini. Ndiyo maana taifodi isiyotibiwa hutoboa utumbo hasa mwishoni mwa utumbo mwembamba, pale pale penye mabaka ya Peyer, na mara nyingi hilo hutokea katika wiki ya tatu. Upo pia upungufu wa upande mwingine: wako watu ambao mwili wao hukataa kuivumilia protini ya ngano, na kila wanapokula mkate vinyweleo vya utumbo wao hulala bapa. Hao utulivu umewakimbia.

SWALI: Ndugu Tabibu, mwaka 2015 nilikuwa kibarua bandarini Kigoma wakati ndugu zetu wakimbizi wa Burundi walipoletwa kutoka Kagunga. Niliugua kipindupindu na kulazwa siku nne. Nilipona, lakini mpaka leo nikiumwa tumbo watu husema utumbo wangu "ulichubuka" na haukurudi. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa uliyoyapitia. Wengi wamesahau hali ilivyokuwa Mei ile: kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kisicho na barabara ya kueleweka, kikapokea makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache, na meli ya Liemba ikawa inawasogeza kidogo kidogo kuja mjini kabla hawajapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wewe uliyebeba mizigo yao uliwatendea wema.

Utumbo wako haukuchubuka. Hilo naweza kulisema bila kukupima, kwa sababu bakteria wa kipindupindu hawachubui. Huogelea kupita katika ute, hujibandika juu ya seli na kutoa sumu, na sumu hiyo huingia ndani ya seli na kuiacha ikiwa nzima, ila imefunguliwa bomba. Seli humwaga chumvi, maji hufuata chumvi, na mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa ya choo kinachofanana na maji ya kuoshea mchele. Ukichukua kipande cha utumbo wa mgonjwa na kukitazama kwa hadubini, utaikuta safu ya seli imesimama. Anayechubua ni mdudu wa kuhara damu, ambaye huivamia safu hiyo na kuizalisha vidonda. Ndiyo maana yeye huleta damu na kipindupindu huleta maji.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Iliokoa maisha yako. Kwa kuwa seli ni nzima, mlango wake mwingine unaendelea kufanya kazi, nao ni mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, kimoja kikimshika mwenzake mkono, huku maji yakifuata nyuma. Chumvi peke yake hata ingekuwa ya Uvinza haipiti hapo. Sukari ndiyo ufunguo wake. Huo ndio msingi wa maji ya ORS. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, akawapa wagonjwa wa kipindupindu chumvi na sukari vilivyochanganywa katika madebe, na vifo vilivyokuwa vikikaribia theluthi ya wagonjwa vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Pakiti zikikosekana nyumbani, lita moja ya maji safi huwekwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kidole na si vya kulundika. Chumvi ikizidi, dawa hugeuka madhara.

Maumivu yako ya leo yana chanzo kingine, nacho kitafutwe. Ila nakuomba usikimbilie duka la dawa kununua metronidazoli kwa kujiambia "nina amiba". Mkoa mzima una amiba kwa ushahidi wa midomo, na maabara huwaona wachache mno. Dawa hizo huwafyeka pia bakteria wanaowalisha walinzi wako, wale niliomwelezea mwanafunzi.

SWALI: Shikamoo. Nina mtoto wa wiki saba, naishi Kasulu. Alipozaliwa mama mkwe alitaka nikamue maziwa ya kwanza ya njano na kuyamwaga, akisema ni machafu. Sikumkubalia na mpaka sasa hatuelewani vizuri. Pili, kliniki walimpa mtoto matone ya rota na ya polio mdomoni, lakini chanjo nyingine walimchoma pajani. Kwa nini tofauti? Mtoto wa jirani alipewa matone hayo na bado aliharisha.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Maziwa yale ya njano ni dang'a, na yamejaa IgA kuliko maziwa ya siku zozote zinazofuata. Utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kujitengenezea kingamwili hiyo kwa kiasi cha kutosha katika wiki za mwanzo, hivyo mama humkopesha yake. Na si ya jumlajumla. Seli zilizofundishwa katika mabaka ya Peyer ya utumbo wako husafiri kwa damu mpaka kwenye matiti, zikatengeneza humo kingamwili dhidi ya vijidudu vilevile vilivyomo katika maji yako, ua lako na vyombo vyako vya Kasulu. Hakuna kopo la maziwa linaloijua nyumba yako. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa heshima, tena ukiwa umemkabidhi mjukuu ampakate. Kizazi chake kilifundishwa vingine, na hakumwonea mtoto ubaya.

Kuhusu matone, sindano huamsha kingamwili za damu, nazo hufanya kazi nzuri kwa magonjwa mengi, lakini haziufikii ute wa utumbo kwa wingi. Virusi vya rota hushambulia nchani mwa vinyweleo vya utumbo mwembamba, kwa hiyo inafaa mafunzo yatolewe palepale, kwa kupitisha kirusi kilichodhoofishwa njia ileile atakayoipita adui. Polio nayo ni hivyo: sindano humkinga mtoto asipooze, lakini matone huzuia zaidi kirusi kisizaliane utumboni na kuambukiza wengine. Chanjo ya rota ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2013, ikiwa dozi mbili, ya wiki ya sita na ya kumi. Usikose ya pili.

Jirani yako hakudanganywa, lakini ahadi aliyoielewa ilikuwa kubwa kuliko iliyotolewa. Chanjo hiyo inazuia hasa kuharisha kukali kwa virusi vya rota, wakati kuharisha kuna vyanzo vingine vingi. Tena kwetu haifanyi kazi vizuri kama kwingine. Majaribio ya Malawi na Afrika Kusini yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionyesha kinga ya asilimia 61 dhidi ya kuharisha kukali kwa virusi hivyo, ilhali Amerika ya Kusini ilikuwa takribani asilimia 85. Sehemu ya maelezo, kwa maoni ya watafiti wengi, ni hali ya matumbo yenyewe. Mtoto anayetambaa katika ua lenye kuku na kupeleka mikono mdomoni humeza vijidudu kila saa; haharishi lazima, lakini kinga ya utumbo wake haipati nafasi ya kupumzika. Vinyweleo hufupika, vifungo kati ya seli hulegea, chakula hufyonzwa kidogo, na nguvu ambazo zingemrefusha huishia katika ulinzi. Mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba chakula peke yake hakitoshi kueleza hesabu hiyo. Mkeka safi wa kuchezea na kuku kufungiwa banda ni sehemu ya lishe.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na umpeleke kituoni apewe vidonge vya zinki: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi sita na 20 akishaivuka, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Zinki huisaidia safu ya seli kujijenga upya, na akina mama wengi huiacha njiani kwa sababu mtoto ameshaanza kucheka.

SWALI: Mimi ni mama muuza mawese wa Mwandiga. Mteja mmoja kutoka mjini amesema mafuta yetu mekundu yanaziba utumbo, eti ni bora mafuta meupe ya dukani. Tabibu, nisemeje?

JIBU: Mama, mwambie hayazibi. Mafuta ya aina yoyote huyeyushwa na nyongo na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, hayafiki mahali pa kuziba. Na ule wekundu ambao mteja wako anauogopa ndio wenye faida, kwa kuwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Vitamini hiyo inasifiwa kwa ajili ya macho, lakini utumbo unaihitaji kwa namna ambayo wengi hawaijui. Seli zenye matawi za utumboni huichukua na kuigeuza asidi, na asidi hiyo ndiyo huwapa seli nyeupe zinazofundishwa hapo anwani ya kurudia. Bila hiyo, seli hufuzu mafunzo kisha zikapotelea kwenye damu bila kujua kwamba kituo chao cha kazi ni utumboni. Seli zinazotoa ute nazo hupungua vitamini A ikipungua. Kwa sababu hizo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na mama asiache kuwapeleka kwa kuwa tu nyumbani kuna mawese.

Mteja wako amepatia jambo moja bila kukusudia. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina ile igandayo kwenye baridi, ambayo yakizidi si mazuri kwa moyo, hivyo kijiko kimoja au viwili katika sufuria ya maharage ya familia vinatosha; kuelea hakuhitajiki. Ila meupe ya dukani, ambayo mara nyingi nayo ni ya michikichi iliyosafishwa mpaka rangi ikatoka, hayampunguzii mzigo huo. Yanampunguzia karotini tu.

Tatizo kubwa ninaloliona liko jikoni na kwenye meza zetu za barabarani. Wapishi wengi huyaunguza mawese mpaka yakatoa moshi na kuwa meupe, wakitaka kuua harufu. Kufikia hapo karotini imeungua, na kilichobaki ni mafuta matupu. Wafundishe wateja wako kuyapasha kwa moto mdogo tu, kitunguu kikianza kulainika waweke mboga, au wayatie mwishoni mboga ikiwa imeshaiva. Na wewe mwenyewe, yale madumu meupe yanayopitisha mwanga uliyoyapanga juani tangu asubuhi ili madereva wayaone, yarudishe kivulini. Acha moja la kuonyeshea, mengine yafunike kwa gunia.